Dirisha Nililolitazama kwa Nje

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, wakati wa baridi, kule Vudee. Mkunga alipokuwa akiondoka alituambia jambo moja tu: asipigwe na upepo.

Chumba alicholala nilikijenga mwenyewe. Miaka ile ya Ujamaa tulihimizwa kujenga nyumba bora, nami, karani wa ushirika mwenye elimu ya sekondari, nilitaka nionekane. Nilinunua dirisha la chuma lenye vioo kutoka nyumba iliyobomolewa kwenye shamba la mkonge, wenzangu wakanisaidia kulipandisha mlimani siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Wiki ile ya uzazi, mkono wa kulifungia dirisha hilo ukakatika. Tukalifunga kwa kamba ya katani. Kila upepo ulipolivuta, kamba ililegea na ukungu ukaingia hadi kitandani.

"Tuhamie jikoni kwenye moto," mke wangu aliniambia kupitia upenyo wa dirisha, nikiwa nje.

"Mtoto huyu umtie moshini? Nitaleta mkono mpya leo leo."

Kwetu, baba haingii chumba cha uzazi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Kwa hiyo nilichungulia kutoka nje, nikaona bawaba ziko upande gani, nikajiambia: mkono wa kushoto. Ningeweza kumwomba mama yangu, aliyekuwa ndani akimuuguza mkwewe, akifungue kile kipande kilichobaki anipe. Sikumwomba. Niliona ninajua.

Nikateremka Same karibu mbio. Muuza vifaa, mzee wa Kiislamu tuliyezoeana, aliitikia shikamoo yangu huku akinitazama mikono.

"Wa zamani uko wapi tuulinganishe?"

"Nimeuacha. Nataka wa kushoto."

"Watu wa milimani nyie! Mnakuja kununua kiatu, mguu mmeuacha nyumbani."

Alinimwagia kasha zima mezani: mirefu, mifupi, ya kulia, ya kushoto, mingine imeshika kutu. Nilichagua wa shaba, mzito, uliong'aa. Nilipokuwa napanda kurudi, mawingu yalikwisha kufunika kilele, na nilianza kuomba njiani kwa sauti.

Nilimpa mama mkono ule na bisibisi kupitia dirishani. "Kata kamba," nikamwambia, "ili ufunge vizuri." Akaikata. Nikasikia skrubu zikiuma chuma, kisha mama akaacha kuzungusha.

"Mwanangu, ulimi wake unaelekea kwenye bawaba. Haushiki kitu."

"Ugeuze!"

"Nikiugeuza unakuwa kichwa chini, matundu hayalingani. Huu si wake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kushoto kwangu niliyesimama nje kulikuwa kulia kwao waliokuwa ndani. Sasa hata kamba hatukuwa nayo. Mvua ikaja na upepo, bati likaunguruma, dirisha likanitoka mikononi na kugonga ukuta. Nililirudisha, nikaliegemea kwa mgongo, miguu ikiteleza kwenye tope. Niliita, hawakunisikia. Nilitega sikio nisikie mtoto akilia, nikasikia maji tu. Akili yangu ikaanza kumzika. Nilimwona amefungwa kwenye khanga, nikaona hata mahali pa kuchimba, chini ya migomba.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Mama alitokea kwenye kona ya nyumba, amejifunika gunia.

"Unalinda kitanda kitupu," alisema. "Tumehamia jikoni tangu ulipoanza kusukuma. Nimekuita mpaka koo limekauka."

"Yuko hai?"

Aligeuka, akatangulia. Nilimfuata hadi jikoni. Mlangoni alinizuia kwa mkono, kwa kuwa mila ilikuwa bado mila hata siku ile.

"Mke wangu," niliita kupitia ukuta wa udongo, "anapumua?"

"Njoo hapa nilipo, usikilize mwenyewe."

Nikapapasa ukuta mpaka sauti yake ilipokuwa karibu, nikabandika sikio. Kwanza nilisikia kuni zikipasuka. Kisha, chini kabisa, pumzi ndogo yenye mluzi, ikatoka, ikakatika, nami nikabana yangu nikiingojea irudi.