Msiba wa Mguu Wangu

Daktari aliniambia nisipoutembeza mguu wa kushoto utageuka gogo. Kiharusi kidogo kilikuwa kimenipitia, ualimu nimestaafu, wanangu wako mbali, na kuzunguka mtaa wetu wa Somanda bila shughuli niliona ni uchizi. Lakini gogo naliogopa, kwa hiyo asubuhi moja nikajitanda kanga, nikatoka.

Kosa langu lilikuwa mikono mitupu. Kwetu mwanamke mtu mzima akipita asubuhi amejitanda kanga, hana jembe wala ndoo, uso kaukunja, basi anakwenda msibani. Na mtu wa msibani humsimamishi njiani kumhoji, unachukua kanga yako unamfuata. Jirani yangu, mjane anayelima pamba, aliponiona akatupa ufagio. Muuza dagaa naye akaacha ungo wake. Wakanifuata kimya, nami nikadhani wana safari yao. Uso niliukunja kwa maumivu tu.

Tulipokaribia hospitali, mjane akaninong'oneza, "Mayu, mama, nani katutoka?"

Nikawaambia hajafa mtu, natembeza mguu. Walinisonya mpaka nikaona aibu, maana dagaa walikuwa wameachiwa paka. Halafu muuza dagaa akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini. Tukarudi pamoja polepole, na siku hiyo sikuhisi urefu wa njia.

Tangu hapo wakawa wananipitia kila asubuhi. Umbea wa yule muuza dagaa haukatiki mapema, na mara nyingi nilipitiliza kipimo cha daktari kwa sababu tu sijasikia mwisho wa habari.

Mvua zilipoanza, mguu ukakaza tena. Nikakata tamaa kabisa. Siku mbili niliwaambia kupitia dirisha kwamba sijisikii. Siku ya tatu sikuitika hata hodi. Nilijilaza nimemkasirikia daktari, nimemkasirikia na Mungu, nikisema uwe gogo basi. Mara nikasikia mkeka unatandikwa barazani. Nikachungulia. Wamekaa wote wawili, wamejitanda kanga, wameshika tama.

Nikawauliza wanafanya nini pale.

"Tuko msibani," mjane akajibu bila kuinua uso. "Tumesikia mguu umefariki. Tunasubiri mazishi."

Nilitaka kuwafukuza, machozi yakanitangulia. Nilipomaliza kulia nikatafuta viatu, nikavuka kizingiti kwa kutanguliza mguu uleule wa kushoto.

"Bado unapumua," nikawaambia.

Muuza dagaa akakunja mkeka, akasema leo tufike hadi sokoni.