Keshari Apanga Safari kwa Magoti ya Mama Mkwe

Ukungu bado umelala bondeni, na Keshari Piya yuko kazini tayari. Anamtembeza mama mkwe wake.

Bibi Tulasi anashuka ngazi za mawe za Bandipur, mji mdogo wa mlimani huko Nepal, kwa fimbo, huku akilalamika kila hatua. Keshari yuko nyuma yake na hamshiki mkono. Mpita njia asiyemjua angesema huyu mkwe hana huruma. Bibi anafika mbele ya duka la nguo lililofungwa, anajitupa barazani na kuvuta pumzi.

"Hapa," anasema Keshari. "Chai itakuwa hapa."

"Chai gani? Mtu nakata roho, wewe unaniletea habari za chai!"

"Ndiyo hivyo, mama. Ulipochoka wewe, na wageni watachokea hapohapo."

Hiyo ndiyo kazi yake. Keshari hupanga safari fupi za wageni wanaotaka kuonja maisha ya Wanewar, wenyeji wa mji huu: siku mbili za kutembea mtaani, kula chakula cha sikukuu na kusikiliza ngoma. Wengi wao ni wazee waliostaafu. Wapangaji wengine hukaa na ramani na kalamu. Yeye hutumia magoti ya Bibi Tulasi, na hakuna mgeni wake aliyewahi kuomba kubebwa.

"Bibi akikaa, tunakunywa. Akigombana na mtu, hapo pana hadithi ya kuwasimulia wageni," anasema Keshari akicheka. "Na yeye hugombana na kila mtu."

Lakini msimu huu kicheko chake hakikai sana. Nyumba anayowalaza wageni ni ya ukoo wa mume wake, nyumba ya matofali na madirisha ya mbao yaliyochongwa, na shemeji yake Bishwaman, aliyehamia tambarare huko Chitwan, anataka iuzwe. Nusu ya nyumba za barabara ile zimekwisha kufungwa. Bishwaman alikuja na kufuli jipya la shaba, akaliweka mezani.

"Shemeji, ukipata wageni wa kila msimu, nyumba ni yako na mama. Usipopata, mimi nafunga," alimwambia.

Keshari alilichukua kufuli lenyewe, akaliweka juu ya kifuniko cha chungu kukandamiza achari ya figili. Mpaka leo liko hapo, linanuka figili.

Wageni wa namna hiyo hutoka kwa kampuni moja ya Kathmandu, na kampuni hiyo imekwisha kumkasirikia mara moja.

Ilikuwa majira ya kuchipua. Kundi la majaribio lilikuwa njiani. Wapiga ngoma walikuwa tayari, mpishi wa karamu tayari, mwenye vyumba vya ziada tayari. Asubuhi ileile mzee aliyeongoza ngoma akafariki.

Hapo ndipo Keshari alipogundua kosa lake. Kwa Wanewar kila kaya imo katika guthi ya mazishi, chama ambacho wanachama wake hubeba maiti mpaka mtoni na kuichoma. Mwanachama hakosi. Asiyekwenda leo, kesho atabebwa na nani? Na Keshari, kwa sababu alichagua watu anaowaamini, alikuwa amechagua watu wa guthi moja tu: ya kwake.

"Mpiga ngoma kaenda, mpishi kaenda, mwenye vyumba kaenda, na mume wangu naye kaenda," anakumbuka. "Ngoma zenyewe zilikuwa ndani ya nyumba ya marehemu. Nilibaki mimi, mama, na sufuria ya dengu."

Bwana wa kampuni alimpigia simu. "Dada, wageni wametoka mbali. Waambie wapige nusu saa tu, halafu waende kwenye msiba wao."

"Nikamwambia, kaka, mzee yuko sakafuni, mke wake analia, nikagonge mlango niombe ngoma? Hata mngenipa Kathmandu nzima, siwezi."

Wageni walisimama kando ya barabara jeneza la mianzi lilipopita, wakala wali na dengu, wakaondoka kwa adabu. Baadaye malalamiko yakaja: tuliahidiwa ngoma, tukapewa matanga. Keshari alilia siku nzima. Kisha akanawa uso na kumpigia tena bwana yule, akampigia na kumpigia, mpaka akapewa kundi moja la mwisho. Linafika Jumamosi.

Safari hii kila kitu kinatoka guthi tofauti. Mpishi wa huku, vyumba vya kule. Tatizo ni ngoma. Za mtaa wa juu, anakoishi, ni za guthi yake ileile; ngoma nyingine ziko mtaa wa chini, na wa juu na wa chini hawaelewani tangu walipogombea nani atangulie kwenye maandamano ya sikukuu. Hata mboga hawauziani.

Ndiyo maana leo, baada ya kituo cha chai, Keshari anamwacha bibi aendelee kushuka. Mwanamke mmoja anachungulia dirishani.

"Weee Keshari! Umehamia chini?"

"Nimehamia penye ngoma!"

Mbele ya mlango wa buluu Bibi Tulasi anaketi tena.

"Umechoka, mama?"

"Sijachoka." Sauti yake imebadilika. "Hapa ni kwetu. Umenileta makusudi, mjanja wewe."

Ni kweli. Bibi alizaliwa ndani ya mlango huo, na tangu ule ugomvi hajaukanyaga. Anayetoka ni Asakaji, kiongozi wa ngoma za chini, mtoto wa kaka yake. Anamwona shangazi yake kizingitini, anainama mpaka miguuni pake.

Kisha anamgeukia Keshari. "Siku zote mnasema sisi hatupigi ngoma, tunatwanga mpunga. Leo utwangaji wetu umekuwa mtamu?"

"Wageni wangu wa Jumamosi hawajui tofauti," Keshari anamjibu. "Mimi najua, na bado nimekuja."

Asakaji anajizuia kucheka, anashindwa. Na hata angekasirika angefanyaje? Binti wa nyumba akirudi kwao, hatoki mikono mitupu. Mke wake ameshaleta pepeta za mpunga uliopondwa, pamoja na soya nyeusi iliyokaangwa na tangawizi. Bibi anakula huku machozi yanamtiririka, na anasema wazi kwamba chumvi imezidi.

"Jumamosi tutapanda na ngoma mpaka mlangoni kwenu," anasema Asakaji hatimaye. "Wa juu wakinuna, wanune. Lakini nikuulize, Keshari. Akifa mtu wa kwetu?"

"Wa juu watapiga. Nimeshawabembeleza."

"Akifa wa juu?"

"Mtapiga ninyi."

Asakaji anamtazama shangazi yake, mzee kuliko wote mtaani, binti wa chini na mama wa juu. Anashusha sauti. "Na akifa huyu? Sote tutakuwa mtoni."

Keshari anaitazama fimbo, anayatazama yale magoti, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anamshika bibi mkono.

Bibi Tulasi anautoa mkono wake ili achukue soya nyingine.

"Waambie waje," anasema. "Mimi Jumamosi sifi. Nina kazi."