Ng'ombe wa Miguu Mitatu Aliyefika Kinkondja kwa Baiskeli

Niliondoka Kamina mara ya tatu kwa sababu ya mbuzi wawili. Nilikuwa nimemposa Ngoie, binti wa Tata Ilunga wa Kinkondja, na kwao mposaji huleta nyama. Ndugu wa msichana wakiila, wamekubali. Mbuzi wa kwanza nilimpeleka akiwa hai, akanitoroka vichakani. Wa pili nilimchinja Kamina, na jua likamwahi njiani. Tata Ilunga amekausha samaki maisha yake yote, pua yake haidanganywi. Alinisimamisha mbali kabisa na nyumba.

"Weye unakuya kuoa ao kuzika muntu?" aliniuliza. Kisha akaapa: nikikosea mara ya tatu, Ngoie ataolewa na mwingine.

Nikarudi Kamina. Huko, karibu na kambi ya jeshi, Mama Kapinga, mke wa sajini, alikuwa akiuza vyakula vya askari. Alinirushia mfuko bapa wa rangi ya udongo, laini kama mto wa mtoto.

"Nyama ya ngombe."

"Ya leo?"

"Ya mwaka jana."

Nikasimama niende zangu. Akacheka. "Ikala! Banatia nyama mu sashe, banafunga kabisa, kiisha banapika yote pamoja mu mvuke ya moto sana. Bidudu yote inakufa, na ingine haiko na mulango ya kuingilia."

Shule niliiacha mapema, lakini maswali hayakuniacha. Nilimuuliza mpaka akachoka. Alinieleza kwamba mfuko ni mwepesi kuliko kopo na haukuumizi mgongo. Kwa kuwa ni bapa, moto hufika katikati upesi na nyama haivurugiki. Unautosa kwenye maji yanayochemka, unakula. Ukivimba, utupe. Nikampa redio yangu, akanipa mifuko saba, yote aliyobaki nayo.

Asubuhi iliyofuata, kwenye kizuizi cha barabarani, askari aliuona mzigo.

"Citoyen, hii njo nini?"

"Nyama, chef."

Akaweka mfuko mmoja sikioni, akasikiliza. Akauweka chini, akaukanyaga kwa buti, akarukaruka. Haukupasuka. "Iko nguvu kupita miye," alisema kwa heshima, akauchukua kwa uchunguzi.

Karibu na mabwawa ya Upemba nilianguka na baiskeli, mifuko ikazama kwenye tope. Niliiosha ziwani ikang'aa. Ndani ya mtumbwi ulionivusha niliikalia, na hicho ndicho kiti kizuri kuliko vyote nilivyopata safari nzima.

Kinkondja nilipokewa kwa pua. Tata Ilunga alinusa mfuko, akaugeuza, akanusa tena. "Haina harufu," alisema, na hilo lilimsumbua kuliko uvundo wa mbuzi.

"Na mugulu ya baba mukwe iko wapi?" akauliza mjomba wa Ngoie. "Mugongo ya mama mukwe? Tutajua namna gani?"

Kwao kila mtu na kipande chake, na lazima kionekane. Basi nilitandika mkeka nikapanga ng'ombe: mfuko huu kichwa, huu kifua, huu mgongo, hii miguu. Mjomba alizunguka mkeka akihesabu.

"Miguu tatu! Ilitembea namna gani mpaka hapa?"

"Ilikuya ku kinga, Tata," nilijibu, nikionyesha baiskeli yangu iliyojaa tope.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tata Ilunga hakucheka. "Inaweza kungoja muda gani?"

"Ata myaka, Tata!" nikajigamba.

"Basi itungoje. Tunaitundika mu nyumba. Weye unarudia Kamina kutafuta mugulu ya ine."

Hapo nikagundua nilichokifanya. Nyama nyingine huwaharakisha wakwe; hii yangu iliwapa nafasi ya kuniweka mwaka mzima, na Mama Kapinga hakuwa na mfuko mwingine hata mmoja.

Ngoie alikuwa pembeni akipasua samaki. Alinyanyuka na kisu chake, akaja mpaka kwenye mkeka.

"Kichwa njo hii?"

"Njo hiyo," nikasema.

Akauchana. Mchuzi ukatoka, na harufu ya nyama na vitunguu ikajaa uani.

"Sasa itaoza," akawaambia. "Muamue leo."

Tata Ilunga alimtazama binti yake, kisha mfuko. Akanusa. Safari hii pua yake ilipata cha kufanya.

"Leteni bukari," alisema, na ugali ulipofika akaketi, akala kichwa chote.

Baada ya harusi tulirudi Kamina, Ngoie akiwa nyuma ya baiskeli. Mjomba bado ananidai mguu. Nilipofika, Mama Kapinga aliniuliza kama nyama ilivumilia safari. Nilimwambia ilivumilia kupita kiasi, na kwamba katika sifa zote za mfuko ule alisahau iliyo kubwa: kopo lingetaka kifunguo, na Kinkondja hawakuwa nacho. Mfuko ulitaka tu kisu cha samaki, na mtu aliyekwisha kuamua.