Bibi Hakuulizia Mifugo

Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kidato cha tatu tulitolewa kwenye kipindi cha hesabu, tukaambiwa tubebe viti kwenda ghala la pamba. Zamani ghala lilikuwa la ushirika. Sasa analikodi mnunuzi binafsi, na siku hiyo aliliazimisha kwa wageni waliokuja kuchukua maoni ya wananchi: je, Kenya, Uganda na sisi tuungane tuwe shirikisho lenye rais mmoja, na iwe haraka au polepole?

Nilifurahi kukosa hesabu. Nikakaa nyuma kabisa. Mimi hata mwalimu akiniuliza jina, hujibu ndani ya kola.

Mara nikamwona bibi yangu, mzaa mama, mstari wa mbele. Alikuwa ametembea kutoka Ngulyati. Kiswahili anakisikia kidogo, kukisema hapana. Akasimama, akasema kwa Kisukuma, taratibu: ndugu wakichanganya ng'ombe zizi moja ni vizuri, fisi wataogopa. Lakini kwanza kila mmoja akate alama yake masikioni mwa ng'ombe wake, watu waione, maana siku ya kugawana hakuna anayekumbuka.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye alikuwa anatafsiri. Nadhani alikuwa na njaa. "Bibi anaulizia ng'ombe."

"Mifugo," karani wa wale wageni akasema huku akiandika. "Itashughulikiwa. Mwingine!"

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, akakaa ameridhika, akidhani neno lake limefika. Hapo ndipo paliponiuma. Neno lake liende Dar es Salaam kama habari za majosho ya ng'ombe!

Sijui miguu ilininyanyuaje. Nilifika mbele nikapiga magoti, maana kwetu msichana hasemi na wakubwa akiwa amesimama wima. Kipaza sauti kikabaki huko juu.

"Binti, umeangusha nini?" karani akauliza.

"Sijaangusha. Si mifugo."

"Simama basi tukusikie."

"Siwezi. Shikamoo."

Ghala zima likaangua kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti, "Shusha hicho chuma, kijana wa Dar! Mayu huyo hasimami!" Mayu kwetu ni mama, hata binti huitwa hivyo. Karani akaja kuchuchumaa mbele yangu na daftari lake. Nikamweleza kwamba zizi ndilo shirikisho, na alama za masikioni ni ardhi yetu na mambo yetu, yaandikwe kabla ya kuungana.

"Sasa anakubali au anakataa?"

Nikamuuliza bibi. Akanitazama kama anayetazama mtoto mjinga. "Zizi nimelikubali. Haraka ndiyo sijaikubali."

Karani akalikata neno Mifugo kwa kalamu, akaandika maneno yote ya bibi mpaka pembeni mwa karatasi. Niliyasoma nikiwa palepale magotini, kuhakikisha.

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi sina." Uongo.

Bibi alilala kwetu. Jioni tunachambua mlenda, akasema, "Langu umelifikisha. Lako liko wapi, mayu?" Nikacheka tu, nikainamia ungo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, nilichana karatasi kwenye kaunta buku nikaandika: wenzetu wa Kenya na Uganda wanasoma kwa Kiingereza tangu wadogo, sisi tunakianza sekondari, kazi tutagombaniaje nao? Tupewe miaka ya kujiandaa kwanza. Nikapita gesti walikolala wageni. Karani alikuwa anapakia mizigo kwenye gari. Nikampa mkononi, nikakimbilia shule.