Sura ya Bwana Yangu Imebakia Ndani ya Televizio

Nabasalimia bote. Admin, ficha jina yangu kabisa, sababu hapa Masisi bantu banasoma hii page mpaka shambani.

Niko mwanamuke wa miaka 33, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa batoto wawili. Nilizaliwa Walikale, ndoa njo ilinileta huku. Bwana yangu alikufa mwaka jana, pikipiki ilimuangusha njiani akitoka Kirotshe. Tangu pale ninaishi na mama yake ndani ya nyumba aliyotuachia.

Miezi mitatu mbele ya kufa kwake, tulishuka naye Goma kununua televizio. Muuzaji alituwashia mbili za ukubwa mumoja. Ya kwanza ilikuwa LED: taa yake iko nyuma ya kioo, na penye giza panaonekana kama majivu. Ya pili ilikuwa OLED: kila kadoa ka kioo kanajiwakia peke yake, kakizimika ni weusi kabisa. Muuzaji hakutuficha kitu. Alisema: "Mama, hii OLED iko muzuri sana, lakini haipendi picha moja ikae palepale siku nyingi. Ile picha inaweza kubakia." Bwana yangu akasema, "Tubebe LED, iko nguvu." Mimi njo nilikataa. Kwenye OLED kulikuwa mwanamuke anaimba, ngozi nyeusi kama yangu, inang'aa vizuri, nikasema nataka hii. Alicheka, akanikubalia.

Wakati wa matanga, mulamu wangu, mukubwa wa marehemu, aliweka picha ya bwana yangu kwenye clé USB, ile flash ndogo, akaifungua kwenye ile televizio ili bageni bamuone. Matanga yalikwisha, lakini mama mukwe alikataa picha itoke. Kila asubuhi jua ikianza kupiga pano ya umeme kwenye paa, anawasha, anakaa pale mbele na kuchambua maharagi, anamuongelesha mutoto wake. Miezi saba. Neno la muuzaji lilikuwa kichwani mwangu kila siku. Lakini huyu mama alikuwa amekataa chakula, na mbele ya ile picha njo alianza kula tena. Ningemuzimia namna gani?

Siku moja binti yangu alichomoa ile clé ili tuangalie habari. Picha ilitoka, lakini sura haikutoka. Nyuma ya muntu wa habari tuliona macho ya bwana yangu, mabega yake, kola ya shati yake, kama kivuli. Mama mukwe akapiga magoti: "Mutoto wangu amekataa kuenda!" Bajirani balijaa nyumbani. Mulamu wangu akasema mbele ya bote: "Mumeona? Bwana yake angali humu. Huyu mwanamuke hatoki hapa, na batoto hawatoki."

Alijua sababu ya kusema vile. Kulikuwa directrice mumoja, mukubwa wa shule moja ya Walikale, ambaye alikuwa amenipatia darasa na nyumba ya kukaa, karibu na kwetu. Tangu siku ile mulamu anakuja kila Jumapili kisha misa, anakaa kwenye kiti cha bwana yangu, anaomba chakula kama muntu wa nyumba. Iko na bibi na batoto watano. Ameshaambia bazee kama mimi ni bibi yake, wa kurizi kwa ndugu yake.

Fundi wa hapa aliniambia kama ndani ya televizio yenyewe kuna namna ya kusafisha kioo, inaweza kupunguza kile kivuli. Juma lililopita nikajikaza, nikakaa karibu na mama mukwe kwenye maharagi, nikamuambia: "Mama, ile si roho. Ni kioo. Mimi njo nilikichagua, kosa ni langu."

Alichambua maharagi mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema pole pole: "Najua. Fundi alinielezea kisha ile siku bajirani balijaa."

"Sasa mama, mbona unaacha bananifunga hapa na ile sura?"

"Nikisema, kesho utabeba batoto mupande Walikale. Mimi nitabaki na nani? Yule mukubwa, hata maji hajawahi kuniletea." Nilimuambia twende sote. Akatikisa kichwa: "Kaburi la mutoto wangu iko hapa." Akanishika mukono, machozi yanamutoka. "Nimekukosea, mutoto wangu. Lakini usinilazimishe kusema."

Nikisafisha kioo, batasema niko mulozi, nimemuua bwana yangu mara ya pili. Nikisema mama anajua, nitamupatisha haya mbele ya bazee, na hakuna mwingine aliyenipenda kama yeye katika hii familia. Nikinyamaza, mulamu ataingia mpaka chumbani. Directrice anangoja jibu yangu mbele ya Posho, ni kusema Jumamosi.

Nyinyi munaosoma, zaidi bamama bakubwa ambao bamezika mutoto, musinitukane. Muniambie tu: nimuache huyu mama peke yake, ao nibaki? Nifanye nini?