Mtani wa Tatu Asirudishwe Makamba

Ukitaka kumwona Euphrasia akiwa na furaha ya kweli, mletee robota lililokataa kufungika. Atalizunguka kwanza, atalipiga kofi, halafu atapandisha mguu mmoja juu yake na kuvuta kamba hadi mishipa ya shingo imsimame, huku akiimba nyimbo za Kirundi ambazo sisi hatuelewi hata neno na tumeshazizoea. Wafanyabiashara wa Kigoma, Bujumbura na Lubumbashi wanaokuja Kariakoo kununua vitenge, viatu na masufuria hawaondoki bila mizigo yao kupita mikononi mwake. Mimi nauza zipu na vifungo pembeni ya kibaraza anachofanyia kazi, hapa Mchafukoge, kwa hiyo haya nayasema kwa kuyaona, sikusimuliwa na mtu.

Tena niseme mapema, maana sipendi watu wa kufichaficha: Euphrasia aliwahi kuiba. Alikuja Dar akiwa msichana, ameongozana na shangazi yake kutoka Makamba, ng'ambo ya mpaka, Burundi. Shangazi akafariki, yeye akabaki. Siku moja akatoka na majora mawili ya vitenge katika duka la Shashikant. Aliyemkimbiza alikuwa Jasvanti, mke wa Shashikant, sari kaipandisha magotini, ndala moja mkononi, akamkamata kwenye kona. Mtaa mzima ulitoka kuangalia mbio zile. Euphrasia akaenda jela. Alipotoka, mahali pa kwanza kwenda palikuwa dukani kwa Jasvanti, kumsalimia. Jasvanti akamwonyesha kibaraza, akamwambia, "Kaa hapo nje ninapokuona. Funga mizigo." Tangu hapo hajaondoka.

Sasa huyu Tatu. Tatu ni Mzaramo, anauza mihogo ya kukaanga upande wa pili wa barabara, na kwake yeye mtu yeyote aliyetoka bara huko magharibi ni mtani wake, mpaka uwepo usiwepo. Na mtani mnamjua. Atakutukana kwenye harusi yako, atakunyang'anya sahani msibani, na ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Basi kila asubuhi, kabla mafuta hayajachemka, Tatu alikuwa akipaza sauti:

"We mwizi! Umeamka? Leo umeiba nini?"

"Nimemuiba mume wako," Euphrasia alimjibu. "Nimeshamrudisha. Hana kazi yule!"

Nasi tukaanza siku kwa kicheko. Wateja wageni walishtuka, wenyeji tukaendelea kufungua maduka.

Mwaka huu yakaingia maneno mengine mtaani. Redioni na vijiweni hoja ilikuwa moja: wageni waliowahi kufungwa warudishwe kwao au waachwe? Kila mwanamume mwenye kikombe cha kahawa mkononi akageuka waziri. Mkali wao alikuwa Mbaruku, muuza masanduku ya safari, jirani yangu. "Wahalifu wetu wenyewe wametushinda," alisema, "tutawaweza na wa jirani?" Nilimkasirikia, lakini siwezi kusema alikuwa mjinga. Duka lake lilikuwa limevunjwa karibuni tu, na aliyekamatwa alikuwa mgeni aliyekwisha kufungwa mara nyingine kabla ya hapo. Mtu aliyevunjiwa duka ana haki ya kupiga kelele.

Asubuhi moja mwanamume mwenye shati la kawaida alikuwa kwa Mbaruku akichagua sanduku. Tatu akapaza sauti yake kama siku zote, Euphrasia akajibu, yule mteja akacheka.

"Watani hao?" akauliza.

"Watani," akajibu Mbaruku. Na kwa kuwa Mbaruku hajui kudanganya wala kunyamaza, akaongeza, "Ila kuiba aliiba kweli. Na jela alienda."

Mteja akaweka sanduku chini. Baadaye tulimjua: jina lake Hamis, ofisa wa uhamiaji.

Wiki ile ile Euphrasia akaitwa. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kinakaribia kuisha, na Hamis akamweleza, bila ukali, kwamba mgeni aliyewahi kufungwa anaweza kunyimwa kibali kipya na kurudishwa kwao. Kabla ya kupeleka maoni yake kwa wakubwa, alitaka kuusikia mtaa.

Kurudishwa kwao! Makamba hana anayemjua. Nyumba waliyotoka yeye na shangazi yake hajui kama bado imesimama. Maisha yake yote ya utu uzima yako hapa, kati ya kamba na marobota.

Tatu ndiye aliyeumia kuliko sote. Asubuhi ikaja, mafuta yakachemka, hakuna aliyeitwa mwizi. Euphrasia alikuwa akimtazama kule ng'ambo, akisubiri atukanwe, na hatukanwi. Mihogo ikaungua mpaka moshi ukafika kwangu. Nikavuka barabara kumsema, nikamkuta anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mdomo wangu huu, shoga," aliniambia. "Ningeukaanga pamoja na mihogo."

Mkutano ukafanyika Jumamosi, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, Hamis na mwenyekiti wa mtaa wakiwa mezani mbele, viti vya plastiki vikajaa na wengine wakasimama. Mbaruku akaomba kusema wa kwanza. Nikajiandaa kumzomea. Lakini alimgeukia Euphrasia mwenyewe.

"Dada Euphrasia, mimi na wewe hatuna ugomvi, na mbele ya watu nasema kazi yako ni safi. Lakini sheria ikianza kumwacha anayechekesha na kumwondoa aliyenuna, hiyo si sheria tena. Na yule aliyenivunjia mimi naye atasema ana marafiki."

Hakuna aliyezomea, wala mimi. Maneno yalikuwa na uzito.

Shashikant akainuka, taratibu kama kawaida yake. "Baba yangu alizaliwa hapa hapa Mchafukoge. Siku moja mtu akamwambia rudi kwenu. Baba akamuuliza, ndugu yangu, nirudi chumba gani?" Watu wakacheka. Jasvanti akamvuta shati.

"Kaa chini, unaleta habari za baba yako," alisema. "Aliyeibiwa mimi. Aliyekimbia mimi, na goti linaniuma mpaka leo kwa mbio zile. Huyu alifungwa, akamaliza. Sasa mnataka kumwadhibu tena kwa majora yangu yale yale? Nani kawatuma? Mimi sijamtuma mtu!"

Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti akagonga meza, akampa nafasi Euphrasia, na sote tukatega masikio tukitegemea kisa cha kuliza.

"Niliiba," alisema. "Sikusingiziwa. Wala sikuwa na njaa, msije mkanihurumia bure. Nilitaka magauni kama ya wenzangu." Akakaa. Hamis akamwita Tatu.

"Mama, wewe ndiye unayemwita mwizi kila siku. Unasemaje?"

Tatu akasimama, kanga kiunoni, na ule mdomo wake ukarudi. "Mpelekeni tu, afande! Mfungeni na kamba zake mwenyewe mumtupe kwenye lori. Ila kichwa mniachie, mali yangu hicho. Nikifa nani ataniimbia upuuzi kaburini?"

Mkutano ukavunjika mbavu. Hamis naye alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena.

"Sasa niambie bila utani."

Tatu akafungua kanga kiunoni, akaifunga upya. Nimemjua siku nyingi, nimemwona akimtukana dereva wa lori, mgambo na mkwe wake mwenyewe. Sijawahi kumwona amekosa neno. Alisimama pale, vidole vinasokota ncha ya kanga, na sisi tukiona aibu kumtazama.

"Bila utani," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo nisiyoijua, "mimi nina ndugu Kisarawe, wa tumbo moja. Nilipougua, aliyeniogesha ni huyu."

Akaketi.

Mwenyekiti akaomba mikono ya wanaotaka Euphrasia abaki. Ikainuka yote, isipokuwa wa Mbaruku, uliotulia juu ya goti lake. Mkutano ulipokwisha Euphrasia akamfuata, nami nikasogea kusikia, umbea ninao sikatai.

"Asante, kaka," alimwambia. "Umesema nikiwepo."

"Nimesema ninachoamini," akajibu Mbaruku. "Lakini Mungu anisamehe, naomba nishindwe."

Majibu yalikuja Ijumaa moja mchana, kwa simu, tukiwa tumeshika sahani za wali. Alipiga Hamis mwenyewe. Euphrasia alisikiliza, "Ndiyo, afande. Ndiyo. Ndiyo, afande," uso wake hausomeki, nami nikasahau kutafuna. Akaishusha simu.

"Nimebaki," akasema.

Nilirusha mikono, kopo langu la vifungo likapinduka, vikamwagika barabarani, na hadi leo bado naviokota. Jasvanti alitoka dukani akipiga kelele kwa Kigujarati, Shashikant akatumwa kununua vitamu vya jalebi. Mbaruku aliyeshindwa alikuja mbio kutoka kwenye masanduku yake, anacheka kuliko walioshinda. Wapagazi wakaacha mikokoteni katikati ya barabara, magari yakapiga honi, na hakuna aliyejali.

Euphrasia alikaa kwenye kizingiti akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto. Tatu akavuka barabara, mikono imejaa mafuta. Tukasubiri tusi, maana kwa siku kama ile lingekuwa tusi la kuhadithiwa. Mimi nilishaanza kucheka.

Tatu akaketi karibu naye, akamvuta kichwa akakilaza begani.

"Lia tu," alimwambia. "Leo sikutanii."