Risasi ya Tano Chini ya Kilima

Juzi mpwa wangu aliniita Kitale nione ploti aliyonunua. Alikuwa ameanza kuchimba msingi, na kwenye ule udongo mwekundu mafundi wake walikuwa wanatoa vipande vya risasi, vizito, vimepondeka kama maharagwe yaliyokanyagwa. Akaniuliza, "Shangazi, hivi ni nini?" Nikamwambia hapo palikuwa pahali pa kulenga shabaha. Akacheka, akadhani natania. Nilirudi Bungoma jioni hiyo, lakini ni mwili tu uliorudi. Tangu siku hiyo nikifua nguo naziacha kwa karai, nikikaa nasimama. Ndiyo maana nimechukua daftari. Mimi si mtu wa kuandika, rafiki yangu. Shule niliiacha darasa la nane, na mengine huenda siyakumbuki sawa. Pale nisipokuwa na hakika nitakuambia.

Shamba letu lilikuwa karibu na hapo, upande wa kwenda Suam. Miaka hiyo wezi wa ng'ombe walikuwa wanashuka kutoka mlimani, na kijijini nyumba chache zilikuwa zimepewa bunduki za kujilinda. Tuliziita Mark Four. Zilikuwa za mti mzito na chuma, za tangu enzi za Wazungu waliolinda mpaka. Risasi zilitoka moja moja, na kila mara ni lazima uvute komeo kwa mkono. Bega likikaa vibaya, unaenda nyumbani na alama.

Kila mwaka, mahindi yakishapukuchuliwa, wenye bunduki walikusanyika chini ya kilima kushindana. Kila mtu alipewa risasi tano, na karatasi ilibandikwa kwa gunia hatua mia mbili mbele. Ukipata tatu, unaendelea na bunduki yako mwaka mwingine. Ukipata chini ya hapo, chifu anaichukua na kuipatia nyumba nyingine. Haikuwa adhabu. Bunduki zilikuwa chache na nyumba ni nyingi, na hata sasa sioni njia nyingine ambayo ingekuwa ya haki zaidi.

Mwaka ninaousema, babu alikuwa amefariki wakati wa mvua. Watu walidhani bunduki itarudi kwa chifu, lakini nyanya alisema atalenga yeye. Ukweli ni kwamba hata babu akiwa hai, nyanya ndiye aliyeitunza. Jumamosi alitandika gunia hapo nje, akaifungua, akaipaka mafuta ya cherehani, mimi nikivuta kamba yenye kitambaa kupitia kwa mtutu. Mikono yangu ilinuka hayo mafuta hadi Jumatatu darasani. Nyani wakiingia mahindi, ni yeye aliyetoka. "Bunduki haina haraka," alikuwa ananiambia. "Haraka ni yako."

Sasa nikuambie juu ya jirani, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa mkulima aliyetoka Murang'a, akanunua shamba ng'ambo ya kijito chetu, karibu zaidi na mlima. Alikuwa na ng'ombe wanane na hana bunduki. Kwa orodha ya chifu yeye ndiye aliyefuata: nyanya akishindwa, ile Mark Four ni yake. Lazima niseme haki, aliihitaji kutushinda. Sisi tulikuwa na ng'ombe watatu na mbuzi. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na ile bunduki ilikuwa ndio babu aliyebaki.

Siku ya mashindano kulinuka mahindi ya kuchoma na vumbi. Mke wa jirani alileta githeri kwa sufuria kubwa. Mwamuzi alikuwa fundi Kalasinga wa Kitale, aliyetengeneza kufuli, pampu za maji na bunduki, na hakukosa kuja na bajia zimefungwa kwa gazeti. Alikagua kila mtutu kwa kidole chake kidogo. Alipofika kwa nyanya, kidole kikatoka safi. Akasema, "Mama, hii imeoga kunishinda mimi."

Wanaume walikuwa na mdomo siku hiyo. Mmoja akamwambia nyanya, "Kukhu, nyanya yetu, hiyo si mwiko wa ugali." Nyanya hakugeuka hata. "Mwiko ndio umekunonesha hivyo," akamjibu, na wenzake wakamcheka mpaka akaenda kusimama mbali.

Kazi yangu ilikuwa kwenye handaki, chini ya karatasi. Waliwekwa watoto wanaojua hesabu, kwa maana mtu mzima hakuenea pale. Wawili walilenga pamoja, mkubwa kwa umri akifyatua kwanza, kila mmoja kwa karatasi yake. Baada ya wote wawili kufyatua, firimbi ililia, nami nikainuka kuonyesha. Aliyepata nilimwinulia kibati cheusi, aliyekosa nikapunga kitambaa chekundu. Kulikuwa na sheria moja ambayo Kalasinga alinirudisha mara mbili kuisema: risasi ya mtu ikiingia kwa karatasi ya mwenzake, ni hewa, haihesabiwi kwa yeyote.

Nyanya alipangwa na jirani. Chifu alitaka aone kama jirani anajua kulenga kabla ya kumpa kitu, kwa hivyo jirani alikuwa ameazima bunduki ya mwingine. Baada ya risasi nne kila mmoja, jirani alikuwa na nne, zote ungezifunika kwa kiganja. Nyanya alikuwa na mbili.

Ya tano nyanya alikawia. Nilikuwa nimelala chali pale chini naangalia makaratasi. Ikalia, na udongo wa ukingo ukanimwagikia kichwani. Alikuwa amekosa. Nikashika kitambaa chekundu. Kisha ikalia ya jirani, na karatasi iliyotoboka ilikuwa ya nyanya.

Firimbi ikalia. Mimi nilijua sheria, nilikuwa nimeisema mara mbili. Nikainua kibati cheusi kwa nyanya, na kitambaa kwa jirani.

Nilisikia vigelegele kutoka kule mbali. Nilipotoka, jirani alikuwa anamsalimia nyanya kwa mikono yote miwili. Nyanya alibeba bunduki hadi nyumbani.

Kabla ya kupanda tena, wezi walikuja alfajiri, wakaingia kwa jirani. Nyanya alifyatua mara tatu kutoka upande wetu, lakini kijito na miti vilikuwa katikati. Hakuna aliyeumia. Ng'ombe sita walienda.

Nilikaa siku mbili. Ya tatu nikavuka kijito. Jirani alikuwa anarudisha miiba ya boma. Nikamwambia yote: udongo, karatasi, kibati. Nililia, nadhani. Yeye aliendelea kufunga waya, kisha akasema, "Kairitu," yaani msichana kwa lugha yao, "nilikuwa na nne tayari. Ya tano ningeipeleka wapi?"

Akaniangalia. "Mimi sijawahi kosa karatasi. Enda nyumbani, na nyanyako usimwambie."

Sikumwambia. Ila mtu wa kulenga hujua risasi yake ilienda wapi, na tangu wiki hiyo nyanya alinituma na chupa ya maziwa kwa jirani kila asubuhi.

Baadaye bunduki zile zilikusanywa zote, na mashindano yakaisha. Kalasinga alifunga duka. Nyanya amezikwa kando ya babu, na jirani watoto wake walimrudisha Murang'a kumzika. Wa kuulizwa hakuna tena. Huenda jirani alilenga karatasi ya nyanya makusudi. Huenda pia alikosa tu, jua likiwa machoni, akaona mtoto analia, akaweka uongo wake juu ya wangu ili nilale. Ikiwa ni la kwanza, aliitoa bunduki mwenyewe, na ikamgharimu ng'ombe sita. Ikiwa ni la pili, basi ni mimi niliyewatoa. Leo asubuhi niliamini la kwanza mpaka saa nne hivi.